Jicho halikusubiri korona iishe

Swali: "Daktari, shikamoo. Mume wangu ni mkata mkonge, shamba la upande wa Muheza. Aprili 2020 ncha ya mkonge ilimchoma jicho la kulia. Ndiyo korona ilikuwa imeanza kutangazwa, watu wanaiogopa hospitali kama kaburi. Tulikaa nyumbani siku 9. Duka la dawa walitupa matone, akapata nafuu kidogo, kisha jicho likaanza kugeuka jeupe. Leo ana chamba, jicho hilo linaona mwanga tu. Na mpaka leo likiwa jekundu anakwenda kununua matone yale yale. Najiuliza kila siku: ningempeleka siku ya kwanza, angeona? Na yakija tena maradhi ya mlipuko, mtu atajuaje jicho la kusubiri na jicho la kukimbizwa?" Msomaji, Makorora, Tanga.

Marahaba, dada yangu. Pole wewe, na pole ya shemeji uifikishe.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, angefika siku ya kwanza, nafasi ya kuliokoa jicho ingekuwa kubwa zaidi. Umeuliza kwa dhati, nami nikikujibu kwa kukupoza tu nitakuwa sijakutendea haki. Lakini zile siku 9 hukuzichagua peke yako. Masika ile nilikuwa kazini hapa hapa Tanga, na watu waliokaa nyumbani na jicho bovu walikuwa wengi, baadhi yao kwa sababu sisi wenyewe wa hospitali tuliwafanya waamini ndivyo inavyotakiwa. Nitalifikia hilo. Kwanza tuzungumze juu ya mwiba.

Wewe uliyekulia mkoa huu unajua jani la mkonge: refu, gumu, na mwishoni lina mwiba mweusi mfupi mkali kama sindano ya kushonea magunia. Mkata mkonge huinama, hushika jani, hukata, jani la jirani linamrudia usoni. Kioo cha jicho, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Mwiba haulazimiki kutoboa ukatokea ndani. Ukikwaruza tu juu juu, tayari umeshapitisha mlangoni kile kilichokuwa juu ya jani: vumbi, utomvu, na mbegu za fangasi, ambazo kwenye majani na udongo wa nchi zenye joto na unyevu hazikosekani. Jani la mahindi, makapi ya mpunga, kijiti cha kuni, vyote vina hatari hiyo hiyo.

Fangasi hana haraka, na hapo ndipo anapowadanganya watu. Bakteria akiingia kwenye kioo cha jicho, kesho yake tu mgonjwa halali kwa maumivu, na wapo bakteria wanaoweza kukitoboa kioo ndani ya siku mbili. Fangasi huanza polepole. Siku ya kwanza jicho jekundu, linatoa machozi, kama lina mchanga. Siku ya tatu mtu anasema afadhali. Wiki ikikatika, linatokea doa la kijivu lenye kingo kama manyoya ya ndege, na kuanzia hapo kila siku unayochelewa linazama ndani zaidi. Ndiyo maana tunataka kuliona jicho la mwiba siku ile ile, hata kama mwenyewe anasema haliumi sana.

Sasa yale matone. Baadhi ya matone yanayouzwa kwa jicho jekundu huwa yamechanganywa dawa mbili: moja ya kuua bakteria, na nyingine ya kundi la steroidi, ambayo jina lake mara nyingi huwa deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi huondoa wekundu haraka sana. Huuondoa kwa kuwalaza askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu. Wekundu unaondoka, jicho linatulia kwa siku mbili tatu, mtu anashukuru, huku ndani fangasi amebaki peke yake uwanjani. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji bila kukiona kichupa, lakini maneno yako, "akapata nafuu kidogo, kisha jicho likaanza kugeuka jeupe", nimeyasikia mara nyingi mno kwa watu waliopitia njia hiyo.

Na angekuja siku ya kwanza tungemfanya nini? Tungelisafisha jicho, tungelipaka ile rangi ya machungwa kisha tukalimulika kwa mwanga wa buluu, na mkwaruzo ungewaka kijani. Angepewa dawa ya kuzuia bakteria bila steroidi, na tungemwambia arudi baada ya siku moja au mbili, siyo "ukiona vibaya urudi". Doa lingeanza kuonekana, tungekwangua kidogo, tukatazama kwa hadubini, tukaanza matone ya fangasi, siku za mwanzo kila saa, usiku na mchana, kisha tukayaendeleza kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, dada, fangasi wa kwenye kioo cha jicho ni adui mgumu. Yapo macho yaliyofika mapema, bila korona yoyote, na bado yakabaki na chamba. Ulichokipoteza zile siku 9 ni nafasi. Kuona kwenyewe hakukuwa kumeshahakikishwa.

Turudi kwenye mwaka ule. Shirika la Afya Duniani liliitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Tarehe 16 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza hapa nchini amepatikana Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Kwetu watu hawakufungiwa ndani kama nchi nyingine. Soko la Mgandini lilikuwa wazi, mabasi ya Muheza yalitembea, wavuvi walikwenda baharini, mkonge ulikatwa. Kwa hiyo kila kinachoumiza macho kiliendelea na kazi yake kama kawaida. Lakini kliniki za macho zikawa tupu. Mabenchi ya nje ambayo Jumatatu huwa hayatoshi yalikaa na watu wawili watatu, na daftari la wagonjwa, ambalo tulizoea kufungua ukurasa mpya kila asubuhi, likawa linaendelea na ukurasa wa juzi.

Haikuwa Tanga peke yake. Italia, Uingereza, Marekani, kote walikohesabu waliona jambo moja: katika miezi ile ya mwanzo watu waliofika dharura ya macho walipungua kwa nusu, mahali pengine zaidi ya nusu. Mwanzoni baadhi ya madaktari walidhani ni heri, kwamba waliokuwa wakija bila sababu kubwa, wenye muwasho na macho makavu, sasa wamebaki nyumbani. Kweli hao ndio waliopungua zaidi. Lakini wenye mambo makubwa nao walipungua. Hospitali ya macho ya Moorfields, London, iliona hata watu wenye retina iliyobanduka wanafika wachache kuliko kawaida. Retina hiyo ni lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Haiachi kubanduka kwa sababu kuna virusi mitaani. Kama watu hao hawakufika, walikuwa nyumbani wakiangalia giza likipanda kama pazia linalovutwa, na wengi wao walipofika baadaye sehemu ya katikati ya kuona ilikuwa imeshabanduka.

India serikali ilifunga nchi kuanzia tarehe 25 Machi 2020, treni na mabasi yakasimama, na mkulima mwenye kidonda cha jicho hakuwa na namna ya kufika mjini. Wa kule alizuiwa na barabara. Wa kwetu barabara ilikuwa wazi, alizuiwa na hofu na maneno ya kusikia. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na watu walipiga hesabu hiyo kwa akili kabisa: jicho ni nusu shari, korona ni shari kamili. Siwezi kumlaumu aliyeipiga. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hatari ya kukaa saa moja hospitalini akiwa amevaa barakoa ilikuwa ndogo kuliko hatari ya mwiba uliomkaa jichoni wiki nzima.

Na sisi hatukumwambia. Kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati ule kilibandika karatasi getini: "Huduma za dharura tu." Karatasi iliandikwa kwa nia njema, kupunguza msongamano. Lakini dharura ya macho ni nini kwa mtu wa kawaida? Kwa wengi dharura ni damu, ni mtu aliyezimia, ni mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Mtu anayetembea kwa miguu yake, ameshika jicho kwa kitambaa, hajioni kuwa ni dharura. Mei alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka kama 5, chokaa ilimwingia jichoni walipokuwa wakipaka ukuta. Alikuwa amefika getini juzi yake, akaisoma ile karatasi, akamwangalia mwanawe anatembea na anakula muwa, akarudi nyumbani. Nilipoligeuza kope la juu, bado kulikuwa na punje nyeupe za chokaa zimeganda chini yake, zinaendelea kuunguza. Karatasi ile tuliibandua siku ile ile, tukaandika nyingine yenye mistari minne: jicho lililochomwa, jicho lililoingiwa na kemikali, jicho lililopoteza kuona ghafla, jicho linalouma mpaka hulali, ingia moja kwa moja. Tulichelewa. Ndiyo maana nimekuambia lawama hii si yako peke yako.

Niseme pia kwa nini watu wa macho tuliogopa kuliko wengine, siyo kujitetea, ila ujue. Ile mashine ya kupimia jicho, mgonjwa anaweka kidevu upande huu na daktari anasogeza uso upande wa pili, pumzi zinakutana. Wuhan, China, mmoja wa madaktari wa kwanza kuwaonya wenzao juu ya ugonjwa ule, Li Wenliang, alikuwa daktari wa macho, na inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho aliyekuja bila dalili yoyote. Alifariki tarehe 7 Februari 2020. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Machi, chama kikuu cha madaktari wa macho Marekani kiliwataka wanachama wake wasitishe kila kitu isipokuwa yale yasiyoweza kusubiri. Baadaye tukajifunza kufunga kipande cha plastiki angavu mbele ya mashine, kufungua madirisha, kuwauliza watu maswali wakiwa bado nje, na kunyamaza wakati wa kupima. Kunyamaza kulinipa tabu. Mgonjwa wa macho humtuliza kwa maneno.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Watoto walikaa bila shule kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Juni, na mtoto asiye na kazi hupata ya kufanya: manati, mishale ya vijiti, kurushiana mawe ya miembeni. Akina baba waliokosa vibarua walishika nyundo na grenda kutengeneza mabati na vitanda vilivyosubiri miaka, bila miwani ya kukinga. Na kila mlango ukawekewa dawa ya kutakasa mikono. Ufaransa walihesabu vizuri: kati ya kila watoto 100 walioripotiwa kuingiwa na kemikali jichoni mwaka 2019, aliyeumizwa na kitakasa mikono alikuwa mmoja hivi. Majira kama hayo mwaka 2020 wakawa karibu 10. Sababu ukiiona unashangaa hukuifikiria: kile chombo cha kukanyaga kwa mguu, dawa inatoka kwenye usawa wa kiuno cha mtu mzima, na hapo ndipo uso wa mtoto wa miaka 4 ulipo. Spiriti ile huunguza ngozi ya juu ya kioo cha jicho. Kwetu ilikuwepo na jiki ya kwenye ndoo, watu wakikadiria kwa macho, ikiwaruka wakati wa kumimina. Na ilikuwepo nyungu. Sizungumzii kama nyungu inaponya au haiponyi. Nazungumzia sufuria la maji yaliyochemka, chini ya blanketi, gizani, mbele ya uso wa mtu mwenye homa. Ukijifukiza, sufuria likae chini pasipotikisika, macho yafumbwe, na mtoto mdogo asiingizwe humo.

Lipo na tatizo lililokuja kimya baadaye. Kambi za upasuaji wa mtoto wa jicho zilisimama katika nchi nyingi, na Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni za nyumba kwa nyumba, zikiwemo za trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza, zisubiri. Mtu mzima anayengoja upasuaji wa mtoto wa jicho si dharura. Lakini akingoja sana, ile lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu hukomaa, huvimba, huziba njia ya maji ya jicho, na presha ya jicho hupanda ghafla. Bibi aliyekuwa haoni vizuri tu sasa analia kwa maumivu usiku na kutapika. India mwaka 2021 waliona jingine la kutisha: fangasi mweusi aliyewavamia waliougua korona, hasa wenye kisukari na waliopewa steroidi nyingi, akaingia puani na kupanda mpaka jichoni. Wagonjwa walipita 40,000, na wapo walioondolewa jicho ili wabaki hai. Steroidi tena, unaona. Ni dawa nzuri mno mikononi mwa anayejua anakwenda nayo wapi.

Sasa swali lako la pili, na nitalijibu kwa kukukumbusha Januari 2024. Ugonjwa wa macho mekundu ulipolipuka Dar es Salaam na kusambaa, Wizara ya Afya ikatoa tahadhari, na watu wakajitibu kwa kila kitu: maji ya chumvi, chai ya rangi, maziwa ya mama. Safari hii kliniki hazikuwa tupu. Zilifurika. Na katika foleni ile ya macho mekundu 40, la 41 lilikuwa la fundi aliyerukiwa na chuma, amekaa kimya kwa adabu akingoja zamu yake, kwa sababu na yeye alidhani ni yale yale ya mtaani. Hili ndilo ningependa ulishike, dada: maradhi ya mlipuko yakimwaga hofu, jicho la dharura hubaki nyumbani. Yakimwaga wagonjwa, jicho la dharura hupotea kwenye foleni. Namna zote mbili linachelewa, kwa sababu kila mtu anaangalia ugonjwa mmoja.

Kwa hiyo usianze na wekundu. Wekundu hauambii chochote, jicho la mafua huwa jekundu na jicho linalokufa huwa jekundu. Anza na kuona. Mkalishe mtu mbele ya kalenda ukutani, funika jicho zima kwa kiganja bila kulikandamiza, asome kwa jicho linaloumwa. Kisha geuza, alinganishe. Asiyejua kusoma ahesabu vidole vyako upande wa pili wa chumba. Jicho lililopungua kuona kuliko lilivyokuwa jana halisubiri. Macho mekundu ya mlipuko kwa kawaida huanza jicho moja na ndani ya siku chache yanakuwa mawili, yanawasha, yanatoa machozi au tongotongo, lakini ukipangusa tongotongo unaona kama kawaida.

Kisha uliza historia. Kuna kilichoingia? Mwiba, jani, chuma, kokoto, ncha ya kalamu? Basi hiyo ni leo, siyo kesho, hata kama maumivu ni madogo. Wanaoponda kokoto na wanaochomelea vyuma wanajidanganya sana hapa, maana kipande kidogo cha chuma chenye kasi kinaweza kuingia ndani ya jicho bila maumivu makubwa. Ukiona mboni imevutika upande, haiko duara, au kuna kitu kimechomoza, usioshe, usikandamize, usichomoe. Funika kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, kibandike kwa plasta kwenye mfupa wa shavu na paji, mgonjwa asile wala asinywe kwa sababu huenda akahitaji usingizi wa upasuaji, na waambie hospitali wamchome na sindano ya pepopunda.

Kemikali ndiyo pekee ambayo tiba inaanzia nyumbani kabla ya kutafuta bodaboda. Chokaa, saruji, jiki, maji ya betri: maji safi hapo hapo, mengi, kwa nusu saa. Nusu saa ya saa ukutani. Mlaze mtoto, mtu mmoja afungue kope kwa vidole, mwingine amimine kwa jagi taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, ili maji machafu yasiingie jicho la pili. Kama ni chokaa, toa punje kwa pamba yenye maji, na chini ya kope la juu usipasahau. Msimwekee limao wala siki kwa kudhani itaua makali ya chokaa. Mkimaliza ndipo mwende, na njiani mwendelee kumimina kama mna chupa. Chokaa na saruji ni mbaya kuliko tindikali nyingi, kwa sababu hazisimami juu. Zinayeyusha njia na kuendelea kuingia.

Mengine niyataje haraka. Giza la ghafla kwenye jicho moja bila maumivu: hiyo ni ya kuhesabu kwa saa, na inaweza kuwa ndugu wa kiharusi. Mimweko ya mwanga na nzi weusi wengi waliozuka leo, au kivuli kinachosogea kutoka pembeni: siku hiyo hiyo. Jicho gumu kama jiwe, kichwa upande mmoja, kutapika, na taa kuzungukwa na duara za rangi: hiyo ni presha ya jicho, na wengi wetu huwatibu malaria siku tatu kwanza. Doa jeupe juu ya kioo. Mwanga unaochoma mpaka mtu anajifunika shuka mchana. Na mtoto mchanga wa siku chache anayetoa usaha mwingi machoni, huyo mkimbize usiku usiku, jicho lake linaweza kutoboka kabla ya siku mbili kuisha.

Yasiyo haya, kama ni mlipuko, kaa nyumbani kwa amani. Kitambaa chenye maji baridi, mikono kwa sabuni, taulo lako peke yako, mto wako peke yako. Wanja wa kuazimana uweke kando. Na ule upindo wa kanga tunaojifutia jasho kisha tukamfutia mtoto macho, dada, tuuache. Mimi mwenyewe huwa najikuta nimeshaushika.

Siku ya kwenda wakati wa mlipuko, piga simu kwanza kama unayo namba, useme maneno manne tu: nini kimetokea, lini, anaona au haoni, ana homa au hana. Ukiwa na homa na jicho limechomwa, sema vyote viwili getini bila kuficha. Homa haikufutii haki ya jicho. Itabadilisha tu mlango utakaopitia. Mfike wawili, siyo ukoo mzima. Na mlinzi akikuzuia, usirudi. Muombe akuitie muuguzi.

Nimemaliza na wengine, narudi kwa shemeji. Hayo matone anayoyanunua kila jicho likiwa jekundu ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko chamba. Kama yana steroidi, kuyatumia mara kwa mara kwa miaka kunaweza kupandisha presha ya jicho kimya kimya na kuleta mtoto wa jicho. Jicho la kulia limebakiwa na mwanga. Hata mwanga huo una thamani, kwa sababu unamwambia anayekuja upande huo. Na jicho lililopona kidonda cha fangasi likiwa jekundu tena, kuna uwezekano wa kidonda kurudi, na kuliwekea steroidi ni kuupa moto kuni. Aache kununua. Asisubiri liwe jekundu ndipo aje. Aje wiki hii, kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, apimwe presha ya macho yote mawili, chamba kitazamwe kina kina gani na kiko katikati au pembeni. Upasuaji wa kupandikiza kioo cha jicho upo ingawa si wa kila hospitali, na kabla ya kuuzungumza lazima tujue nyuma ya chamba bado kuna jicho zima. Akionekana anafaa, ataandikiwa rufaa, Moshi au Dar es Salaam.

Jicho la kushoto ndilo linalowalisha sasa. Miwani ya kukinga ya plastiki ngumu, ile inayofunika mpaka pembeni, aivae kila siku shambani kuanzia kesho, hata likiwa jua kali na jasho linaifanya iwe na ukungu. Aifute, aivae tena.

Na mwambie shemeji aje na kichupa cha matone. Hata kama kimekwisha, hata kama karatasi yake imechanika, akitie mfukoni aje nacho, nisome jina.